Kikaango Kipi?

"Umetumia kikaango kipi?"

Mwenzangu alisimama mlangoni mwa jiko, mkoba wa kazini bado uko begani, akauliza hivyo tu. Hakuuliza ninapika nini. Harufu ilishamjibu tangu kwenye ngazi. Nilimwonyesha kikaango kipya, cheusi, chenye karatasi ya bei iliyogoma kubanduka, nikaona mabega yake yanashuka. Halafu akatazama mkono wangu wa kulia. Nilikuwa nimeshika mwiko. Mwiko wetu.

Nitaurudia huo mwiko. Kwanza niseme nilikuwa napika nini, maana hii ni makala ya uhakiki, na andiko ninalolihakiki ni mapishi ya nyama ya nguruwe.

Yanaitwa Côtes de porc sauce Nénette. Yamo kwenye Mastering the Art of French Cooking, kitabu cha 1961 cha Julia Child, Simone Beck na Louisette Bertholle. Kwa maneno ya kwetu: vipande vya nguruwe vya mgongoni, vyenye mfupa, vinakaangwa mpaka vishike rangi, vinaiva polepole vikiwa vimefunikwa, kisha vinaliwa na sosi ya krimu iliyochemshwa ikapungua, ndani yake kuna haradali na nyanya ya kopo. Nakala yangu niliipata kwa wauza vitabu vya mitumba katikati ya jiji, haina jalada, ina doa la mafuta la mtu nisiyemjua. Kwa miaka miwili nimeisoma kitandani kama watu wanavyosoma riwaya, na nimewahi kuitetea kwenye mabishano kwamba ni mojawapo ya vitabu bora vya masimulizi ya kweli vya karne ya 20. Sikuwahi kupika hata ukurasa mmoja. Mtu anayehakiki tamthilia bila kuingia ukumbini tungemcheka, kwa hiyo Ijumaa moja, mwenzangu akiwa ameniambia atachelewa kurudi, nikaamua kuingia ukumbini.

Umbo la mapishi yale ndilo lililonivuta tangu mwanzo. Vitabu vingi vinakupa orodha ya vitu juu, maelezo chini, kama mwajiri anayesoma vifungu vyote vya mkataba kabla hujakaa. Child na wenzake walipanga ukurasa kwa safu mbili. Kushoto kuna kitu unachokihitaji sasa hivi, kulia kuna unachokifanya nacho. Kitu hakitajwi mpaka zamu yake ifike. Haradali haipo, haipo, halafu ipo, kama mhusika anayeingia kwenye sura ya tatu. Ukiwa unasoma tu, inapendeza. Ukiwa jikoni ndipo unagundua gharama yake: kama hukusoma mpaka mwisho kabla ya kuwasha moto, unafika katikati na kukuta unadaiwa haradali. Nilidaiwa haradali. Nilishuka dukani na aproni.

Katika utangulizi, kitabu kinaeleza kwamba kimeandikiwa mpishi wa Marekani asiye na mtumishi. Huwa narudi pale mara kwa mara. Ni nadra kitabu cha mapishi kukiri kwamba nyuma ya chakula kizuri kuna mtu anayemenya vitunguu na mtu anayeosha vyombo, na kwamba mara nyingi huyo mtu hakai mezani. Wengi wetu tumekulia nyumba ambazo sahani ya Jumapili ilipikwa na dada wa kazi na sifa akapewa mama. Kwa hiyo nawapa waandishi hawa haki yao. Lakini mpishi wao asiye na mtumishi bado ana kitu kimoja ambacho hawakukitaja kwa sababu hawakukiona: jiko la peke yake.

Mimi na mwenzangu tunapanga vyumba viwili Sinza, sebule moja, jiko moja. Yeye ni mtu wa Tanga, anaswali, anafunga, na kwa miaka mitatu hajawahi kuniuliza kwa nini mimi siku za Jumapili nalala mpaka saa nne. Mimi ni wa Moshi, nyumba ambayo nguruwe alichinjwa Krismasi na ikawa sherehe. Sheria ya jiko letu hatukuiandika popote. Nikitaka kitimoto naenda kukila nje, narudi nimeshanawa na kupiga mswaki. Ijumaa ile nilikuwa navunja sheria ambayo haikuandikwa, na nilijitetea kwa kununua kikaango.

Mtu wa Dar akienda kwenye kitimoto hataji kiungo cha mnyama. Anataja uzito na namna: kilo moja, rosti, nusu, kavu. Ndizi pembeni, kachumbari, ndimu, pilipili. Nguruwe anafika mezani akiwa ameshapoteza jiografia yake, mgongo umechanganyika na mguu na ubavu, vyote vimekatwa kwa shoka juu ya gogo. Kwa hiyo nilipomwambia muuza bucha nataka vipande vinne vya mgongo, kila kimoja na mfupa wake, unene wa sentimita mbili na nusu, alinitazama kama niliyeagiza suti.

"Dada, hii unaenda kupika au kushona?"

Alinikatia vitatu vizuri na kimoja chembamba kama kandambili. Hapo niliona kwamba "chukua vipande vinne vya unene fulani" si sentensi ya kawaida. Ni sentensi inayobeba bucha nzima ya Marekani, msumeno wake wa umeme, jokofu lake, na mteja anayejua kumgawa mnyama kwa majina. Sisi tuna majina pia, ila yetu yanamficha mnyama mzima: kitimoto, mdudu, mbuzi katoliki. Nyama yenye majina mengi namna hiyo ni nyama inayojua kwamba majirani wanasikia.

Sasa moto. Kitabu kinakutaka ukaushe nyama vizuri kabla haijagusa mafuta, na hapa kipo sahihi kabisa, japo sababu yake watu wengi huieleza vibaya. Maji hayapandi kupita nyuzi 100 yakiwa kwenye kikaango cha wazi, na ile rangi ya kahawia yenye harufu ya kumtoa mtu kitandani inahitaji joto la juu zaidi, kuanzia kama nyuzi 140. Mpaka maji ya juu ya nyama yaishe, unachemsha tu. Mfaransa Louis-Camille Maillard ndiye aliyeelezea mmenyuko huo mwaka 1912, protini na sukari zikikutana kwenye joto. Halafu kuna ule uongo mtamu uliorithishwa na vitabu vingi, kwamba moto mkali "unafunga" maji ndani ya nyama. Ulitokana na mkemia Mjerumani Justus von Liebig katikati ya karne ya 19, na ulisafiri zaidi ya miaka mia moja kabla Harold McGee hajauweka wazi katika On Food and Cooking mwaka 1984. Huhitaji maabara. Sikiliza kikaango. Ile chwaaa isiyokoma ni maji yanayotoka nje na kugeuka mvuke, ngozi ya kahawia ikiwa tayari ipo. Kama kingefungwa, kingenyamaza.

Nimekaa kwenye jambo hili kwa sababu linanikera kitaaluma. Mapishi ni aina ya maandishi ambayo kosa linaweza kuishi karne nzima ndani yake huku chakula kikiendelea kuwa kitamu, na utamu ndio unaolinda kosa. Hakuna mhariri anayerudi kuuliza.

Baada ya rangi, kitabu kinataka chombo kifunikwe na kuingia kwenye oveni. Sina oveni. Nilifikiria kuweka makaa juu ya mfuniko, moto juu na moto chini, kama mwenzangu alivyonifundisha kwa mkate wa kumimina, lakini mkaa ni wake na madeni yangu kwake usiku ule yalishatosha. Nilipunguza gesi mpaka ikabaki rangi ya buluu tu, nikafunika na sahani ya bati niliyoinunua pamoja na kikaango.

Niliiacha iive mpaka ndani. Najua wasomaji wa mitandao ya mapishi watasema nimeiua. Mwaka 2011 idara ya kilimo ya Marekani ilishusha kiwango cha joto cha vipande vya nguruwe kutoka nyuzi 71 hadi 63, na kuipumzisha nyama dakika tatu, na tangu hapo kila anayejiona mjuzi anataka upinki katikati. Ushauri huo umetoka kwenye nchi yenye nguruwe wa mabanda ya kufungwa. Sisi tuna tegu la nguruwe, na wilaya kama Mbulu na Mbozi zimechunguzwa na watafiti kwa sababu hiyo. Anayekula nyama yenye vifuko vya tegu isiyoiva anapata mnyoo tumboni. Mayai ya mnyoo huo yakiingia kwenye chakula au maji ya watu kupitia kinyesi, wengine wanaishia na vifuko kwenye ubongo na kifafa. Sentensi "ipike mpaka katikati ibaki pinki" ina uraia wake. Hati hiyo ya kusafiria mimi niliikataa.

Basi, sosi. Kikaango kikishatolewa nyama, chini kinabaki na vitu vya kahawia vilivyogandamana. Wapishi wengi wanaviita fond, neno la Kifaransa lenye maana ya chini, kitako, msingi. Sisi tuna ukoko. Nilicheka peke yangu jikoni nilipoliona hilo, kwa sababu ukoko kwetu ni kitu kinachopiganiwa na watoto, kinakwanguliwa na kuliwa kikavu, na hakuna aliyewahi kuniambia umwagie maji uwe mchuzi. Msingi wao ni wa kujengea juu. Wetu ni zawadi ya aliyebaki jikoni. Unakwangua, unamwaga kimiminika, unakoroga, kahawia inayeyuka.

Na wanapoifanya sosi iwe nzito, wanaita liaison, kiungo, kitendo cha kufunga vitu pamoja. Tafuta neno la Kiswahili la jambo hilo na utalikuta limekaa kila jikoni kuanzia Lamu hadi Lindi: kuunga. Mboga inaungwa kwa nazi, inaungwa kwa karanga. Watu wawili ambao hawakuwahi kukaa jiko moja walitazama sufuria wakaona kitu kilekile, kwamba maji na mafuta na ladha vimetengana na kazi ya mpishi ni kuvipatanisha. Sijui kitu kingine katika kitabu kizima kilichonifurahisha kama hicho, na hakimo kitabuni.

Krimu unaichemsha pembeni ipungue, unaikorogea haradali na nyanya. Krimu nzito yenye mafuta mengi inavumilia kuchemka, hata ukiitia kitu chenye uchachu. Maziwa ya kawaida ukiyafanyia hivyo yanakatika mbele ya macho yako. Tui nalo linakatika ukiliacha lichemke bila kukorogwa. Nililijua hilo kutoka kwa mwenzangu, ambaye tui likiwa jikoni hapokei hata simu ya mama yake.

Kuhusu ladha, hukumu yangu ni kwamba sosi ya Nénette ni nzuri kwa vijiko vinne vya kwanza. Haradali inafanya kazi kubwa, inachoma kidogo puani na kukata mafuta. Nyanya inaleta rangi ya machweo na utamu ambao sidhani ulihitajika. Baada ya hapo uzito unakushinda. Ningeongeza ndimu, na nyingi. Rosti ya Sinza, kwa ukali wake na kachumbari yake, inamjua nguruwe kuliko hii.

Niseme jambo kuhusu Elizabeth David, kwa kuwa wanaonijua watauliza. Yeye pia aliandika nguruwe kwa krimu, vipande vya nyama pamoja na plamu kavu na mvinyo wa Vouvray, chakula cha Tours, kwenye French Provincial Cooking ya 1960. Sentensi zake ni bora kuliko za Child, hilo halina mjadala. Kitabu chake cha kwanza, A Book of Mediterranean Food, kilitoka 1950 Uingereza ikiwa bado na mgao wa chakula. Mgao wa nyama ulikwisha Julai 1954. Yaani aliwaandikia watu kuhusu vyakula ambavyo wengi wao hawakuweza kuvipata, na walisoma hivyohivyo, kwa njaa. Mimi namsoma kwenye daladala. Lakini mafuta yakishaanza kuruka namtaka Child, anayekaa nami jikoni, anayedhani naweza kukosea na ananiambia mapema nitakosea wapi. Isipokuwa mahali pamoja.

Mahali hapo ni palipo rahisi kuliko pote, pale unapoambiwa uchukue chombo. Kila mapishi niliyowahi kusoma yanaanza hivyo, chukua sufuria, weka kikaango motoni, na sijawahi kuona yanayouliza chombo ni cha nani. Mapishi yanasema na mtu mmoja, kwa sauti ya kuamuru, ndani ya chumba kisicho na mtu mwingine. Hayana mama mkwe, hayana mpangaji wa chumba cha pili. Nilinunua kikaango nikadhani nimeijibu hoja hiyo. Hoja ilikuwa mkononi mwangu.

Mwiko ulikuwa wa mti, ametoka nao Tanga. Nilikuwa nimegeuzia nyama nao.

"Samahani," nikasema. "Sikufikiria."

"Najua hukufikiria," akasema, bila ukali, na hilo likawa baya zaidi. Akaingia chumbani kwake.

Kuna jambo ambalo hakuwa ameliona. Mwiko ule, baada ya kugeuza nyama, ulikuwa umekwenda kukoroga krimu, na krimu ilikuwa kwenye sufuria yetu ndogo ya chai. Ile tunayochemshia maziwa kila asubuhi. Ningeweza kuiosha kwa sabuni na maji ya moto, nikaianika, na kesho yake angekunywa chai yake akaenda kazini, asijue maisha yake yote. Hakuna ambaye angeumwa. Nilisimama na wazo hilo kwa muda mrefu kuliko ninavyopenda kukiri, sosi ikizidi kuwa nzito.

Nilifikiria, sijui kwa nini, habari za Aprili 1993, bucha za nguruwe zilizovamiwa na kubomolewa hapahapa Dar es Salaam, watu wakakamatwa. Sikuwa nimezaliwa. Nilizisikia utotoni kwa wakubwa, zikisimuliwa kwa sauti ya chini, kila nyumba na mkosaji wake. Katika masimulizi yote hayo sikumbuki hata moja lililokuwa na watu wawili wanaochangia sufuria ya chai.

Nikaenda kugonga mlango wake.

"Sufuria ya chai?" akauliza.

"Ndiyo."

Alikaa kimya. Kisha akavaa ndala, akashuka chini, akarudi na konzi ya udongo kwenye mfuko wa nailoni, udongo wa kwenye maua ya mwenye nyumba. Akanieleza kama anayenielekeza njia ya kwenda posta: kwa madhehebu yao wanaosha mara saba, moja iwe kwa udongo. Chuma na bati vinatakata. Mwiko ni mti, umeshakunywa, nibaki nao mimi.

Niliosha mimi, yeye akihesabu akiwa ameegemea friji. Ya kwanza kwa udongo, maji yakawa ya kahawia kama ya mto wakati wa masika. Ya pili. Ya tatu. Nyama yangu ilikuwa imepoa, mafuta meupe yameganda pembeni mwa kikaango, na hakuna safu ya kushoto wala ya kulia iliyonieleza la kufanya na mafuta hayo. Kwenye ya tano akasema, "Hiyo haradali inaingia lini? Mwanzoni au krimu ikishapungua?"

"Ikishapungua."

"Kwa kuku inafaa?"

Nikamwambia sioni kwa nini isifae. Akahesabu sita. Akahesabu saba, akaichukua sufuria, akaiangalia ndani kwenye mwanga wa taa, akaipindua kwenye kichanja.

Jumamosi ya wiki iliyofuata alipika kuku. Krimu aliona ni ghali, akaweka tui zito, haradali kijiko kimoja, nyanya akaiacha kabisa, ndimu mbili. Alikoroga mwanzo hadi mwisho kwa mwiko mpya, ambao amefunga uzi mwekundu kwenye mpini. Kitabu kilikuwa wazi juu ya friji, ukurasa wa nguruwe, na nilipotaka kukigeuzia upande wa kuku akaniambia niache, ameshauzoea huo. Wangu hauna uzi. Unakaa chumbani kwangu, kwenye kikombe cha kalamu.